Mtaji wa Kuhamia Meza Kubwa

Upepo wa mwezi wa tatu ulipoanza kushuka kutoka milimani na kuzungusha vumbi kwenye maegesho ya magari, Rhoda Tackett alishindwa kabisa kutulia. Na kazi yake ilikuwa ya kukaa. Kila asubuhi alivuta kiti kwenye meza ndogo ya ukumbi wa karata, hapo Reno, mji wa Nevada, Marekani, akapanga chipu zake, zile duara za plastiki zinazosimama badala ya hela, akacheza poka mpaka jioni. Ndivyo alivyolipa kodi ya nyumba. Lakini mwezi ule mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya meza mpaka vikombe vikawa vinagongana, na kila baada ya muda aliinuka, akatoka nje bila koti, akayazunguka magari ya watu kama anayetafuta lake, kisha akarudi na nywele zimemsimama.

"Una minyoo, dada?" aliuliza Duane. Duane alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi, na kiti chake kilikuwa kilekile siku zote, ubavuni mwa mgawa karata. "Una minyoo, au kuna mtu unamtoroka?"

"Nakutoroka wewe. Hivyo vitunguu unavyokula vinanifuata mpaka nje."

Watu wakacheka, karata zikagawiwa, mguu ukaanza tena.

Miaka minne nyuma Rhoda alikuwa mpakiaji katika ghala moja kubwa nje ya mji. Ghala lilipofungwa, wenzake walitawanyika kutafuta maghala mengine. Yeye alikwenda kwenye karata, kwa sababu ndizo alizozijua tangu utotoni, na kwa sababu mumewe Vern, fundi wa mapaa aliyeumia mgongo, alikubali kujaribu naye kwa mwaka mmoja. Vern alitoa sharti moja: pesa za nyumba na pesa za meza zisijuane. Za nyumba zilikuwa za nyumba. Za meza ziliitwa mtaji, na mtaji hauguswi hata friji ikifa.

Mtaji nao ulikuwa na kanuni yake. Ili ukae kwenye meza fulani, lazima uwe na uwezo wa kununua kiti cha meza hiyo mara thelathini. Ukiwa na wa mara tano, wiki moja mbaya inakutoa mjini. Ukiwa na wa thelathini, siku mbaya ni siku mbaya tu. Unakwenda nyumbani, unakula, kesho unarudi. Meza ndogo kiti chake kilikuwa bei ya watu wa kawaida. Meza kubwa, iliyokuwa upande wa pili wa kamba nyekundu, kiti chake kilizidi mara tatu. Kwa miaka minne Rhoda alikuwa anaitazama kamba ile. Sasa mtaji ulikuwa umebakiza kidogo kufika, na hicho kidogo ndicho kilichomfanya ashindwe kulala vizuri, kula vizuri, wala kukaa.

Hiyo ndiyo sababu aliyomwambia Vern. Ya pili hakumwambia mtu.

Ya pili ilikuwa Mzee Beltran Iribarne.

Mzee Beltran alikuwa Mbaski, mwenye asili ya milima ya mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, wa zile familia zilizokuja na kondoo huku Nevada zamani, na yeye mwenyewe alikuwa amefuga mpaka magoti yakamgomea. Alikuwa mrefu, mkimya, na kofia yake haikutoka kichwani ila wakati wa kula. Mwaka wa kwanza wa Rhoda, mzee yule alimchapa vibaya. Alikuwa bado mtu wa meza kubwa wakati huo, alishuka tu meza ndogo siku ambazo meza kubwa haikujaa, na akishuka alikusanya chipu za watu taratibu kama anayeokota mayai. Siku moja, baada ya kumkamua Rhoda kila kitu, alimwinamia na kumwambia, "Karata zako zitakungoja, hazikimbii. Mtazame mtu kwanza." Hayo tu. Rhoda aliyachukua, na yakamlisha.

Halafu, majira mawili ya baridi yaliyopita, mzee akahamia meza ndogo moja kwa moja. Watu wakadhani amefilisika. Kisha vuli iliyopita ikaja, na mambo mengine yakaanza. Aliuliza zamu ya nani, akajibiwa, akauliza tena. Aliweka chipu kabla ya zamu yake. Alimwita mgawa karata kwa jina la mtu aliyekwisha kuacha kazi zamani. Karata zake, alizokuwa akizifunika kwa viganja viwili kama mtu anayezuia kiberiti kisizimwe na upepo, sasa aliziinua juu kuelekea taa na kuzisoma kwa macho madogo, na waliokaa kulia na kushoto wakazisoma pamoja naye.

Meza nzima ilijua. Hakuna aliyesema. Watu walianza kuwahi asubuhi ili wapate kiti karibu naye.

"Ng'ombe wetu wa maziwa kafika," Duane alinong'ona kila alipoona kofia ile mlangoni, kisha akapaza sauti: "Mzee! Habari za asubuhi! Tumekuwekea kiti!"

Na Rhoda, ambaye alicheza vizuri kuliko wote pale, ndiye aliyemla zaidi kuliko wote.

Siku moja katikati ya wiki, upepo unapiga madirisha, Rhoda alipata wafalme wawili mkononi. Alipandisha dau. Wengine wote wakatupa karata zao, isipokuwa Mzee Beltran aliyelifuata dau hilo. Karata tano za katikati, ambazo kila mchezaji huzitumia pamoja na zake mbili za mkononi, zilipomaliza kufunuliwa, tatu kati yazo zilikuwa kopa. Rhoda aliwaza, akaona wafalme wake bado wana nguvu, akaweka rundo kubwa.

Hapo ndipo mzee alipoziinua karata zake kwenye taa. Rhoda hakutaka kuona. Aliona. Kopa na kopa. Pamoja na zile tatu za katikati zilifanya kopa tano, na kopa tano zinawaua wafalme wawili bila mjadala.

"Nani kaweka hizi?" mzee aliuliza.

"Rhoda," akajibu mgawa karata.

"Nani?"

"Rhoda. Huyo hapo kando yako."

Mzee alimtazama Rhoda, akazitazama tena karata zake, akatazama za katikati. Midomo yake ilikuwa inasogea. "Sina kitu," akasema, na akazitupa kifudifudi.

Kusema juu ya karata za mwenzio ni mwiko katika ukumbi wowote. Rhoda hakuvunja kanuni hata moja. Mgawa karata alimsukumia rundo lote, Duane akapiga mluzi, na mzee akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyepishwa njia. Rhoda alisimama. Aliyazunguka magari mpaka masikio yakafa ganzi kwa upepo. Aliporudi, alikusanya chipu zake, akazibadilisha kwa pesa, akaenda nyumbani mapema.

Vern alikuwa jikoni anakoroga maharagwe. Alihesabu, akahesabu tena, kisha akaweka mwiko chini.

"Tumefika," alisema. "Mke wangu, tumefika! Na zaidi kidogo!"

"Hatujafika."

"Rhoda, mimi najua kuhesabu."

"Hizi za leo sizihesabu." Akamweleza. Alieleza akiwa anatembea, kutoka kwenye friji hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye friji.

Vern alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali. "Ungefanya nini? Umwambie, 'Mzee, umeshinda'? Wangekufukuza."

"Sijui ningefanya nini."

"Pesa haina jina, mama."

"Hii inalo."

"Sawa. Basi ukiitoa ya leo, toa na ya wiki iliyopita. Toa na ya Krismasi. Tangu vuli huyo mzee anakulisha wewe na mimi. Haya maharagwe nayo tuyamwage?"

Rhoda alichukua zile za siku ile, akazifunga kwa mpira wa nywele, akazitia mfukoni mwa koti. Vern akarudi kwenye sufuria na kukoroga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake hakwenda ukumbini. Aliuliza huku na huku, akaambiwa kwamba mzee anaishi na binti yake, Denise, mwenye duka la vyakula vya mifugo upande wa Sparks, mji wa jirani. Alimkuta mwanamke wa makamo, mabega mapana kama ya babake, anashusha magunia ya nafaka kutoka kwenye lori.

"Nacheza karata na babako," Rhoda alisema.

"Najua. Wewe ndiye yule wa mguu." Denise hakusimamisha kazi. "Majina hayakai tena kichwani mwake. Anasema, 'Leo yule anayetikisa mguu kanikamata.' Anafurahi akisema."

Rhoda alitoa fungu lile na kuanza kueleza, na maneno yakamtoka ovyo: ugonjwa, kopa, wale watu, ng'ombe wa maziwa. Alisema kwamba mtu yeyote mwenye huruma angemzuia mzee nyumbani.

Sasa Denise aliweka gunia chini.

"Unadhani sijui? Mimi ndiye ninayemvisha asubuhi. Mimi ndiye ninayempeleka na kumrudisha." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Daktari alipomwambia, miaka miwili iliyopita, baba hakulia. Alirudi nyumbani akauza haki zake za malisho, akazigawa pesa. Hizi za matibabu, hizi za mazishi, hizi za wajukuu. Na hizi, akasema, ni za meza. Alitoka meza kubwa siku ileile, kwa hiari yake. Alisema akili anayokwenda nayo sasa haiwezi kulipia kiti cha kule. Akanipa mtaji wake niushike, kila asubuhi nimpe kiti kimoja, kikiisha kimeisha. Nisiongeze, nisipunguze. Akaniapisha."

"Lakini wanamwibia."

"Wanamshinda. Hilo alilipiga hesabu kabla yenu. Aliniambia, 'Ama mtaji utatangulia kuisha, ama mimi.' Kuna kituo cha wazee hapo chini, ni kizuri, kina bustani. Nilimpeleka siku moja akakaa na koti lake mwilini mpaka nikamfuata. Akija kwenu anavaa shati la kola." Akalirudisha fungu mkononi mwa Rhoda na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Chukua. Ukimrudishia mtu kama baba pesa aliyoshindwa kwenye karata, umemwita mtoto. Kaishi nazo wewe."

Rhoda aliendesha gari mpaka ziwani na kurudi, bila kushuka. Alikuwa amekwenda kwa Denise apate nafuu. Aliyoyasikia yalikuwa ya haki kabisa, na yalimwacha vilevile, au vibaya zaidi. Angeweza kuendelea kumla mzee kwa baraka za ukoo mzima. Hakutaka. Wala hakuweza kukaa pale kiti cha pili na kumtazama akiliwa na Duane.

"Nahamia meza kubwa," alimwambia Vern jioni hiyo.

"Kwa hesabu yangu umefika. Kwa hesabu yako hujafika. Sasa unakwenda kwa hesabu ya nani?"

"Ya miguu yangu."

Vern alipiga hesabu kwa vidole, akasema: "Nenda. Lakini ukishuka mpaka viti ishirini, unarudi chini. Hapo hakuna mjadala, hakuna 'kesho nitazirudisha'."

"Hakuna mjadala," Rhoda akakubali, na wakapeana mikono mezani kama watu wasiojuana.

Meza kubwa ilikuwa kimya. Vijana wawili wenye vipokea sauti masikioni, daktari wa meno aliyefunga zahanati yake siku mbili kila wiki, mwanamke mmoja kutoka Sacramento asiyevua miwani. Hakuna aliyeuliza habari za goti la mwenzake. Rhoda alicheza kwa uangalifu, akashinda siku ya kwanza, akashinda na ya pili. Mchezo ulikuwa uleule, aliuweza. Tofauti ilikuwa machoni mwake. Kule chini rundo la chipu lilikuwa rundo la chipu. Huku, kila alipolitazama aliona paa linalovuja, matairi, dawa za mgongo wa Vern, na mkono ukawa mzito pale ulipopaswa kuwa mwepesi.

Tena kulikuwa na masikio. Kamba nyekundu haizuii sauti. Alisikia Duane akicheka na asijue anacheka nini. Alisikia "Zamu yako, Mzee. La, bado. Sasa ndiyo." Alikuwa katikati ya kuwaza juu ya rundo kubwa, akajikuta amegeuza shingo kutafuta kofia. Kijana mmoja akavua kipokea sauti na kumwambia kwa upole, "Mama, tunakusubiri wewe." Alianza kupoteza. Si kwa kishindo. Kidogo leo, kidogo kesho, jinsi ndoo yenye tundu inavyopoteza. Vern alihesabu kila jioni.

Wiki ya tatu, alasiri, Rhoda alipata karata alizokuwa anazingojea tangu apande: ree mbili, karata kubwa kuliko zote, mkononi, na ree ya tatu ikaanguka katikati. Alikuwa ameshaweka sehemu kubwa ya rundo lake na daktari wa meno alikuwa amemfuata kila hatua. Karata moja tu ilibaki kufunuliwa. Na ndipo kelele zikatoka upande wa pili.

Mzee Beltran alikuwa amesukuma chipu zake zote mbele, na zamu haikuwa yake. Mgawa karata alinyoosha mkono azirudishe, kama ilivyo desturi. Duane akamzuia.

"Mwache, mwache! Mzee keshaamua. Si ndiyo, Mzee? Umesukuma zote? Basi na mimi nakufuata, zote!"

Rhoda hakukumbuka baadaye kwamba aliinuka. Alikumbuka tu kwamba alikuwa tayari upande ule, ameshika ukingo wa meza ndogo. "Mrudishie! Zamu si yake na unajua si yake! Huoni haya?"

Msimamizi wa zamu, kijana mwembamba aliyeitwa Kip, alikuja mbio. "Rhoda, hii si meza yako. Rudi kwako."

"Anamwibia mbele ya macho yako!"

Duane alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. "Unanifundisha haya, wewe? Kaulize humu ndani nani kamla huyu mzee kuliko wewe. Kaulize! Umeshiba, umepanda kule juu na pesa zake, sasa unatuletea mahubiri!"

Hakuna aliyemtazama Rhoda, na hilo lilimwambia kwamba wote walikuwa wakiwaza vivyo hivyo.

"Nani huyu anayepiga kelele?" mzee aliuliza. Alimwangalia Rhoda juu mpaka chini, hakumtambua. "Mama, kaa. Watu wanacheza hapa."

Kisha akafunua karata zake mwenyewe, bila kuziinua kwenye taa. Malkia wawili. Katikati alikuwa amelala malkia wa tatu. Duane alikuwa na jozi mbili ndogo, na karata ya mwisho haikumsaidia. Mgawa karata akasukuma rundo lote kuelekea kwenye kofia ile.

Watu walipiga meza, walipiga makofi, mmoja alisimama. Hata Kip alicheka. Mzee alikuwa amemtega Duane, au alisukuma tu kama alivyosukuma siku nyingine zote? Mpaka leo watu wanabishana. Rhoda, aliyekuwa karibu naye, ndiye aliyemsikia akimwinamia mgawa karata na kumwuliza chini kwa chini: "Hizi zote zangu?"

Rhoda alipogeuka kurudi meza kubwa, karata zake hazikuwepo. Aliacha kiti zamu yake ikiwa imefika, na aliyeacha kiti karata zake zimekufa. Ndiyo desturi, na yeye aliijua kuliko mtu yeyote. Daktari wa meno alikuwa anapanga chipu za Rhoda ndani ya marundo yake mwenyewe. "Pole," alisema, na alionekana anamaanisha. Kip akamwomba Rhoda aende nyumbani mpaka kesho.

Vern alimaliza kuhesabu. "Ishirini."

"Najua."

Hakuna mjadala. Rhoda aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kupanda ni jambo la siku moja na watu wanakupongeza. Kushuka ni lazima upite katikati ya ukumbi ule ule, kila mtu akiwa na macho. Asubuhi iliyofuata alivuta kiti meza ndogo. Duane alimwangalia muda mrefu, akitafuna.

"Karibu nyumbani, dada. Huko juu hewa nyembamba?"

"Nyembamba."

"Yale niliyosema jana..."

"Yalikuwa kweli."

"Kweli, lakini kuna kweli za kunyamaziwa." Akamsogezea sahani ya chipsi. Huo ndio upatanisho wao, hawakufanya mwingine.

Rhoda aliomba kiti cha kushoto kwa Mzee Beltran. Kutoka pale karata zilizoinuliwa kwenye taa zilimkabili yeye, na yeye alitazama ukutani. Walipobaki wao wawili tu wakigombea rundo, alicheza karata zake kama zilivyostahili, hakumwachia na hakumtega. Akimshinda, alichukua. Haikuwa rahisi, na haikumtuliza. Mguu ulitikisika majira yote ya joto. Lakini mtaji ulianza kujengeka tena, taratibu, kiti baada ya kiti, na mzee alianza kumwita kwa majina mbalimbali, mara la mke wake marehemu, mara la mbwa aliyekuwa naye zamani milimani. Siku ya jina la mbwa alikuwa mchangamfu sana.

Mwezi wa nane mzee hakuja siku mbili, kisha tatu, kisha wiki. Mwezi wa tisa ulipoanza, Denise aliingia ukumbini kwa mara ya kwanza, akasimama kwenye kamba bila kujua aite nani.

"Baba hatakuja tena," aliwaambia meza nzima. "Ni mzima. Lakini asubuhi hataki kutoka, anaogopa barabara. Mtaji wake umebaki kidogo. Alishaniagiza zamani: ukibaki, niwalishe wale waliomsaidia kuumaliza. Jumapili, mchana. Ni maneno yake, si yangu."

Wote walikwenda, hata mgawa karata, hata Kip. Denise alikuwa amekodi ukumbi wa hoteli ya Wabaski karibu na reli, yenye meza ndefu na mabenchi, ambapo chakula huletwa kwa mabakuli ya kuchotea pamoja: supu, maharagwe, kondoo wa kuchoma mwenye vitunguu saumu, mikate ya kukata kwa mkono, mvinyo mwekundu katika vibilauri vinene. Mzee Beltran aliketi mwisho wa meza, amechanwa nywele, shati la kola, kofia magotini. Alikula vizuri. Alipokuwa amekula vya kutosha, aliwatazama mmoja mmoja.

"Hawa ni nani?"

"Watu wa meza, baba. Uliocheza nao."

"Ah." Alifikiri. "Nani alishinda?"

Kila mtu alitazama sahani yake. Duane alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Wewe, Mzee," alisema.

"Mwongo," akasema mzee, na akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akanyoosha mkono kuchukua mfupa mwingine.

Rhoda alikuwa amekula akiwa amesimama dirishani. Denise alimfuata jikoni alikokwenda kupeleka mabakuli.

"Zile pesa. Bado unazo?"

"Ziko kwenye koti."

"Tangu Machi? Utazifanyia nini?"

"Nitazichezea," Rhoda alisema, na alishangaa kusikia jinsi lilivyotoka jepesi. "Meza kubwa."

"Basi nenda kazicheze. Unanitikisia sakafu."

Aliagana na mzee, aliyempa mkono kwa heshima kama anavyopewa mgeni, akaondoka kabla ya kahawa. Nje jua lilikuwa kali na treni ya mizigo ilikuwa inapita bila kuisha. Alimpigia Vern simu akiwa kwenye kivuko cha reli, injini ya gari inanguruma.

"Zihesabu," alimwambia.

"Zipi?"

"Zote. Na zile."

Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa. Treni ilikuwa bado inapita Vern aliporudi kwenye simu. "Pamoja na zile, thelathini. Hazizidi. Ungengoja mwezi mmoja, tukae vizuri kidogo?"

"Ishirini bado ni ishirini?"

"Ishirini ni ishirini."

"Sawa," alisema Rhoda. Behewa la mwisho lilipita, kizuizi kikainuka.

Ukumbini aliandikisha jina kwa mtu wa zamu. Meza kubwa ilikuwa imejaa na kulikuwa na watu wanne mbele yake. Alionyeshwa kiti cha kusubiria. Alishukuru, akabaki wima karibu na kamba.